Mark X, Premio au Atenza: sura mpya ipi inafaa kulipiwa Zanzibar

Anayetafuta gari ya chini ya familia hapa Zanzibar, yenye buti ya maana na nafasi ya watu wazima wanne bila kubanana, mara nyingi huishia kwenye majina matatu: Toyota Mark X, Toyota Premio na Mazda Atenza. Zote zinatujia kutoka Japani zikiwa zimeshatumika, zote usukani uko kulia, na hakuna hata moja inayotengenezwa tena kwa jina hilo. Mark X ilisimamishwa Disemba 2019. Premio ikafuata Machi 2021. Jina la Atenza nalo liliondolewa Japani mwaka 2019, gari ikawa inaitwa Mazda6 kama ilivyozoeleka nchi nyengine. Kwa hiyo hatungojei toleo jingine. Kilichobaki ni kuchagua mwaka, na mwaka kwa gari hizi maana yake ni sura.

Hapo ndipo wengi wanapoachia pesa bila sababu. Kila moja katika hizi ilipambwa upya zaidi ya mara moja ikiwa bado ni gari ile ile: bampa nyengine, taa nyengine, sho nyengine (ile grili ya mbele). Dalali atakwambia, "Mzee, hii ndiyo inayotakiwa sasa," na bei inapanda. Yeye hakosei, kwani watu kweli wanaitaka. Lakini mabadiliko ya sura hayalingani uzito. Kuna yaliyoishia usoni, na kuna yaliyokuja na kitu cha kumfaa dereva na wanawe. Ya pili nayalipia kwa moyo mkunjufu. Ya kwanza nayaacha, nanunua sura ya zamani iliyotunzwa, na pesa inayobaki naipeleka chini ya gari, kwenye bushi, shokapu, breki na dawa ya kutu.

Mark X

Kizazi cha kwanza kilitoka Novemba 2004, na cha pili Oktoba 2009. Hiki cha pili kilibadilishwa uso Agosti 2012, kisha tena Novemba 2016. Ukiziweka tatu hizi pamoja pale nje ya uwanja wa Amaan siku ya mechi, hata mtoto atakuonesha ipi mpya. Ya 2009 ina uso wa kiungwana, ya 2012 imekaza nyusi, na ya 2016 imefungua mdomo mkubwa chini ya bampa.

Sasa funua boneti. Kwa zile za 2.5, ya 2009 na ya 2012 zina injini moja, 4GR-FSE ya silinda sita, cc 2499, na giaboksi ile ile ya gia sita. Kwa mtu wa familia, mabadiliko ya 2012 ni uso na mapambo. Ndiyo maana naona Mark X ya 2010 au 2011 iliyotunzwa ndiyo nunuzi la busara zaidi katika jina hili, na ile ya 2013 ndiyo inayolipiwa zaidi kuliko inachotoa. Ya Novemba 2016 ni habari nyengine, kwa sababu uso wake ulikuja na mfumo wa usalama wa Toyota wenye kamera kwenye kioo cha mbele na rada. Gari inaona iliyo mbele, inampigia dereva kelele, na asipojibu inashika breki yenyewe. Hilo ni la kulipia, hasa kwa barabara zetu ambazo vespa inaweza kuchomoza kutoka nyuma ya daladala bila taarifa.

Uzuri wa Mark X haupingiki. Imekaa chini, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na mtu anayependa kuendesha ataisikia mara tu anapotoka Bububu kuelekea kaskazini. Kwa harusi haina mshindani katika hizi tatu. Nyeupe ya lulu ikishapambwa maua inapata heshima yake, na vijana huikodi kwa kazi hiyo hiyo.

Lakini kwa familia ina gharama zake. Kwa vile nguvu inapelekwa nyuma, katikati ya sakafu kuna nundu ndefu, na mtoto anayekaa kati ndiye anayejua adha yake. Silinda sita zinakunywa, na kwa mizunguko ya mjini, kutoka Kiembesamaki hadi Darajani na kurudi, hakuna njia ya kuzifundisha kunywa kidogo. Na injini yenyewe hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Vali za kuingizia hewa haziogeshwi na petroli kama kwenye injini za kawaida, masizi yanaganda juu yake, na gari inayotembea safari fupi fupi huganda zaidi. Ikisimama kwenye taa ikawa inatikisika, usikubali kuambiwa ni plagi tu.

Kama unavutiwa na kizazi cha kwanza kwa bei yake, jua kwamba cc 2500 ya kizazi kile ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Kizazi cha pili, kwa injini hiyo hiyo ya 2.5, kilirekebishwa kitumie petroli ya kawaida. Hiyo peke yake inanitosha kuanzia 2009.

Premio

Premio tunayoijadili ni ile iliyotoka Juni 2007, ikaguswa Aprili 2010, kisha ikabadilishwa uso hasa Juni 2016. Kuna injini tatu, cc 1500, 1800 na 2000, na nyingi zinavuta kwa magurudumu ya mbele.

Kuna sababu Premio inauzika Zanzibar bila ya kupigiwa debe, na ni upana. Ilibuniwa ibaki ndani ya daraja la gari ndogo la Japani, ambalo linataka upana usizidi milimita 1700, na yenyewe ina 1695. Mark X ni 1795, Atenza ni 1840. Sentimita kumi na nne na nusu baina ya Premio na Atenza zinaonekana si kitu kwenye karatasi. Ziingize kwenye vichochoro vya Ng'ambo jioni, kushoto baraza imejaa wazee na kulia kuna mkokoteni wa machungwa, ndipo utajua nani anapita na nani anakunja vioo. Na Premio ndani si finyu hata kidogo. Sakafu ya nyuma iko karibu sawasawa, watu watatu wanakaa, na buti inameza magunia ya sikukuu.

Uso wa 2016 umewagawa watu. Toyota waliipa sho kubwa ya kromu iliyoshuka mpaka kwenye bampa, na wapo wanaosema imekuwa gari ya waziri. Mimi naiona imezidi kidogo, ule uso wa 2010 ulikuwa na adabu yake. Lakini macho yangu si hoja hapa. Uso wa 2016 ulileta pia mfumo wa usalama wa Toyota, wa daraja dogo kuliko ule wa Mark X, ambao unasoma barabara kwa kamera na mwale wa leza kutoka nyuma ya kioo cha mbele. Si kila Premio ya miaka hiyo inao, kwa hiyo angalia kama kuna kibweta cheusi nyuma ya kioo cha katikati kabla hujalipia "toleo jipya". Kikiwepo, kumbuka jambo moja: siku kioo cha mbele kikipasuka kwa jiwe, haitoshi kubandikwa chengine. Kamera inataka kuelekezwa upya, na si kila fundi vioo ana kifaa cha kazi hiyo.

Mabadiliko ya Aprili 2010 hayakutangazwa sana, ila kwangu ndiyo yenye faida tulivu zaidi. Sho na taa za nyuma ziliguswa kidogo, na cc 1800 ikapata injini iliyoboreshwa katika namna ya kuvuta hewa. Premio ya 1800 ya 2011 mpaka 2015 ndiyo ninayomtajia mtu bila kusita. Ile ya 1500 inatumia 1NZ-FE, injini ya ukoo mmoja na IST na Probox, na hapo suala la spea linakwisha kabla halijaanza. Fundi yeyote wa Mwanakwerekwe ameshaifungua.

Ubaya wake? Haina msisimko. Viti vyake vingi ni vya rangi ya maziwa, na watoto wakishatoka Kizimkazi na mchanga miguuni, rangi hiyo haina subira. Na kwa vijana bado ni gari ya baba. Kwa kuiuza baadaye, hilo ni jambo jema, kwa sababu baba ndiye mwenye kulipa pesa taslimu.

Toyota Allion ni pacha wake, wenye mitambo ile ile na uso wa ujana kidogo. Ukiipata safi kwa bei ndogo zaidi, ichukue bila kujiuliza mara mbili.

Atenza

Kwa macho tu, Atenza imezishinda mbili zile. Kizazi hiki kilitoka mwishoni mwa 2012, na mstari wake wa ubavuni, unaoanzia juu ya gurudumu la mbele ukashuka taratibu hadi mlango wa nyuma, ni kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Ikipita Michenzani, watu wanageuka.

Mabadiliko ya mwanzoni mwa 2015 ndiyo mfano bora kabisa wa sura yenye kitu ndani. Kwa nje taa zilichongwa upya na sho ikapata mistari ya kulala. Kwa ndani dashibodi nzima ilibadilishwa: skrini ikasimama juu, mahali dereva anapoitazama bila kuinamisha kichwa, na mkono wa handibreki ukaondolewa, ukawekwa kitufe. Atenza ya 2013 ndani yake imeanza kuzeeka, ya 2015 bado ina hadhi. Katika gari zote tatu, hapa ndipo nisipobabaika kumwambia mtu aongeze pesa afike sura mpya.

Ila kuna mambo mawili ya kuyapima kabla moyo haujaamua.

La kwanza ni rangi nyekundu ile maarufu ya Mazda. Si nyekundu ya kawaida. Ni tabaka juu ya tabaka, chini lile linalorudisha mwanga, juu yake jekundu linalopenyeza mwanga, kisha vanishi, na ndiyo maana kivulini inakuwa kama zambarau iliyokolea na juani inawaka. Sasa ikikwaruzwa? Nimeiona moja iliyopigwa rangi upya fenda ya kushoto. Asubuhi, kabla ya jua kupanda, huioni kasoro. Saa sita mchana fenda ile ilikuwa gari nyengine kabisa, nyekundu ya matofali kando ya nyekundu ya komamanga. Fundi aliyeipiga alikuwa mkweli tangu mwanzo: "Mwanangu, nyekundu nitakupa, lakini hiyo hiyo sikuahidi." Kwa gari ya familia itakayoegeshwa sokoni na skuli, chagua nyeupe, ya fedha au ya kijivu.

La pili ni dizeli. Atenza za dizeli za cc 2200 zina nguvu ya kupendeza na mnadani huko Japani zinavutia. Kwenye ekzosi zina chujio la kukusanya masizi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma wakati gari inapotembea kwa mwendo wa kutosha na kwa muda wa kutosha. Unguja nzima kutoka kaskazini hadi kusini ni kiasi cha kilomita 85, na maisha ya gari nyingi ni mjini, matuta kila baada ya nyumba chache. Chujio halipati nafasi, masizi yanajaa, taa inawaka kwenye dashibodi. Nunua ya petroli, cc 2000. Ina giaboksi ya kawaida ya gia sita, si ya mkanda (CVT) kama ya Premio, na wengi wetu tunaielewa vizuri zaidi.

Spea za Mazda zipo lakini haziko kila duka. Mambo ya kila siku, breki, filta na mafuta, utayapata. Taa ya mbele nzima utaiagiza, na utaingoja.

Taa ndizo bei halisi ya sura mpya

Hili naliweka peke yake kwa sababu halisemwi wakati wa kununua. Sura nyingi mpya za miaka ya 2015 na kuendelea zimekuja na taa za LED. Zinapendeza, zinaangaza vizuri njia za shamba usiku. Ila taa ya zamani ikiungua unabadilisha balbu. Taa ya LED ya mbele mara nyingi imefungwa kitu kimoja, na ikifa au ikapasuliwa na bodaboda unanunua taa nzima. Angalia kwa makini kama ndani ya taa kuna ukungu wa maji, hasa kwa gari iliyopita masika kadhaa hapa. Maji yakishaingia, vifaa vya umeme vya ndani havina siku nyingi.

Jua letu nalo halina huruma na kava za plastiki za taa. Zinapauka, zinakuwa manjano, na gari ya uso mzuri inaanza kuonekana mgonjwa wa macho. Kuzisugua na kuzipaka kinga upya kunasaidia, lakini kwa muda. Gari inayolala chini ya banda au mwembe inabaki na uso wake kwa miaka zaidi kuliko inayolala kweupe, na hilo linaingia katika bei ya kuuzia.

Kisha chumvi. Wakati wa kaskazi na wa kusi, nyumba za Chukwani, Mazizini au Jambiani zinapokea pepo za bahari, na gari zinapokea pamoja nazo. Kromu kubwa ya Premio ya 2016 ndiyo yenye uso mpana zaidi wa kuingiwa madoa. Rimu zinazong'arishwa zinaanza kuvimba chini ya vanishi. Hayo ni ya juu. Yanayonitia wasiwasi ni ya chini: mabomba ya breki, ekzosi, mikono ya shokapu. Maji ya kawaida, mengi, uvunguni mara kwa mara, yanafanya kazi kubwa kuliko nta ya gharama juu ya boneti.

Kusoma karatasi ya mnada, na kumjua aliyebandikwa uso

Ukiagiza mwenyewe, omba karatasi ya mnada na uitazame picha ya mchoro wa gari. Herufi zake zinasomeka: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni palipokarabatiwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. S ni kutu na C ni kuliwa na kutu. Kwa sisi wa visiwani S na C ndizo zinazonipa sababu ya kuiacha gari hata kama daraja lake la mnadani ni zuri, maana kutu iliyoanza huko itastawi hapa. Gari zilizoishi mikoa ya theluji kama Hokkaido zimeshapita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Usiongeze ya kwetu juu ya hiyo.

Ukinunua hapa hapa, kuna gari za zamani zilizovishwa bampa na taa za toleo jipya. Si kosa mtu kuipamba gari yake, kosa ni kuiuza kwa bei ya mwaka usio wake. Linganisha namba ya chesisi na mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho, lebo yake mara nyingi ina mwaka wa kutengenezwa. Atenza yenye uso wa 2015 lakini ina mkono wa handibreki imebandikwa. Mark X yenye mdomo wa 2016 na kioo cha mbele kitupu, bila kibweta cha kamera, nayo uliza maswali.

Kwa nani ipi

Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa gari hizi ni asilimia 25 ya thamani ikijumuishwa bima na nauli ya meli, na katika kodi ya bidhaa ukubwa wa injini unahesabiwa, cc 2000 ikiwa mpaka mmojawapo. Premio zote na Atenza ya 2.0 ziko chini ya mpaka huo, Mark X iko juu. Mpe wakala wako wa forodha mwaka na cc kabla hujatuma hata senti.

Familia ya mjini yenye watoto wa skuli, mizunguko mingi na mzee wa kumpeleka hospitali: Premio ya 1800, uso wa 2010. Ukiweza kufika 2016 yenye kamera, fika. Mke na mume wanaopenda gari na wana mtoto mmoja au wawili, na wanakusudia kukaa nayo muda mrefu: Atenza ya petroli kuanzia 2015. Anayetaka Mark X kwa mapenzi asijinyime, ila achague 2010 au 2011 safi, au aruke mpaka 2016, na ile ya kati awaachie wengine. Nje ya hizi tatu, Toyota Crown ni nzuri kuliko zote kwa kukalia, na ni kubwa kuliko mahitaji ya wengi wetu. Toyota Camry za Japani tangu 2011 ni haibridi tupu, yaani petroli pamoja na umeme wa betri. Ni gari tulivu na zenye kubana mafuta, lakini hakikisha kwanza unaye fundi wa betri.

Aliye Pemba namshauri Premio moja kwa moja, na awe mkali kuhusu injini: 1800, si 1500. Barabara kutoka bandari ya Mkoani inaanza kupanda tangu unaposhuka melini, na kati ya Chake Chake na Wete vilima haviishi. Gari ya 1500 iliyojaa watu na mizigo itapanda, lakini giaboksi yake ya mkanda itapanda ikilia. Mafuta ya giaboksi hiyo ni yake peke yake, na mtu akitia ya giaboksi ya kawaida anaiua. Yabadilishwe Unguja kabla gari haijapakiwa, na madumu ya ziada yawekwe kwenye buti.